Mashine Ilipoanguka Saa ya Bendera

Mimi shule niliiachia primere ya tatu. Kusoma nilijimalizia mwenyewe, kwenye mifuko ya saruji na makopo ya grisi. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Baraka, na mtumbwi wenye injini, na wale walionicheka darasani wananiamkia kwanza. Kama ni kujisifu, basi ni kujisifu. Nani atanisifu kama mwenyewe nimenyamaza?

Wakati ule wa chama kimoja, miaka yake ya mwisho-mwisho, kulikuwa na ofisi ya kununua pamba hapa mjini, na ndani yake ordinatere, yaani kompyuta, ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu. Umeme wake ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeokota grupu, injini ya umeme iliyotupwa nyuma ya karakana kule Uvira, nikaifufua kwa mikono hii, nikavuta waya hadi ofisini. Watu walitoka Nundu kuja kuitazama tu inavyounguruma.

Mkubwa wa ofisi alikuwa mtu wa yunivesite. Abakosi yake, koti la wakubwa wa chama lisilovaliwa na tai, ilipigwa pasi hadi ungejikata nayo. Kalamu zilijaa mfukoni, na sijawahi kuona hata moja ikiandika. Huyo ndiye aliyepewa mashine.

Mashine ikaanza kuanguka. Ndivyo walivyosema: imeanguka. Iko palepale mezani, lakini kioo kinajaa herufi za ovyo, kila kitu kinaganda, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Na kila ikianguka, mkubwa anasema ni umeme wangu, umeme wa kienyeji, unatetemeka. Nikauliza-uliza. Kumbe shemeji yake amenunua grupu mpya, iko Uvira inangoja lori tu. Hata mtoto wa Fizi anajua: shemeji ya mkubwa akinunua grupu, ya jirani itaugua.

Akaitwa injenyere kutoka Bukavu, kijana mpole mwenye miwani. Mkubwa aliniita nami, ili nifukuzwe mbele ya shahidi. Injenyere akafungua mashine, akatazama, akauliza kwa nini imepangwa isihifadhi kitu inapoanguka. Akatufafanulia kwamba mashine ya aina ile, ikishikwa na ajali, inaweza kumwaga yaliyokuwa kichwani mwake kwenye diski kabla ya kukata roho. Ni mwenye mashine anayechagua: ihifadhi kichwa kizima, au kiini chake tu, au isihifadhi chochote. Mkubwa alikuwa amechagua isihifadhi chochote. Akasema hakutaka diski ijae uchafu. Mwizi naye hapendi mbalamwezi.

Nikamwuliza injenyere jambo moja. Umeme ukikatika, mashine itaandika?

“Itaandika na nini, ndugu?” akasema. “Umeme ukienda, kichwa chote kinafutika.”

“Basi ikiandika, grupu yangu ilikuwa hai.”

Injenyere akacheka, akasema ndivyo, na akisoma kilichohifadhiwa ataona pia mashine ilikuwa ikifanya nini ilipoanguka. Mkubwa hakucheka. Alipinga sana, lakini mbele ya mgeni hakuwa na sababu. Kichwa kizima hakikuenea kwenye diski, imejaa hesabu za pamba, kwa hiyo injenyere akapanga ihifadhi kiini. Akatuonya jambo moja. Ikianguka, itajiwasha upya na kuuliza kama tunataka kuweka ilichohifadhi. Mtu abonyeze O, ya oui, ndiyo ya Kifaransa. Asipojibu upesi, mashine inaendelea na mambo yake na kuufunika ushahidi wote.

Sasa tazama ubishi wa chuma: mashine ikakaa siku nzima bila kuanguka, na siku iliyofuata, na nyingine tena. Mkubwa akafurahi. Akasema kesho injenyere anapanda lori la kurudi Uvira saa sita, na kama hakuna ushahidi hadi hapo, waya wangu ung’olewe siku hiyohiyo.

Asubuhi ile ya mwisho tuko ofisini watatu. Mkubwa anachapisha maneno ya nyimbo za kumtukuza Kiongozi, kundi la animasyon, wacheza ngoma wa chama, lipate kucheza baadaye. Printa ikalia kidogo, ikanyamaza. Kioo kikajaa herufi za ovyo. Na wakati huohuo, nje, kwenye uwanja wa ofisi ya zoni, kwa komisere mkuu wa wilaya, ikapigwa filimbi ya kupandisha bendera.

Aliyekuwa mtu mzima siku zile anajua. Filimbi ikilia, unaganda. Uko na mzigo kichwani, unaganda nao. Watu walilala mahabusu kwa kujikuna. Mkubwa akasimama wima dirishani, kifua mbele, uso kwenye bendera. Injenyere akasimama kando yake kama mti wa simu. Nje wanaimba. Nyuma yao, mezani, mashine ikajiwasha upya, ikauliza swali lake, na ule mstari mdogo ukaanza kuwakawaka ukingoja.

Yunivesite mbili zimesimama pale, hakuna aliyesogeza kidole. Nikapiga hatua, nikabonyeza O, nikarudi mahali pangu. Wimbo ulikuwa bado katikati.

Filimbi ya pili ilipolia, mkubwa akageuka polepole. Alikuwa amengoja hilo.

“Sitoyen, we ulitembea wakati wa bendera.”

“Nani aliona?”

“Mi mwenyewe niliona. Na leo itafika kwa komisere.”

“Patroni, bendera iko dirishani. Mi nilikuwa nyuma yako. Utamwambia komisere uliniona na macho gani, ya kisogo?”

Mkubwa akamtazama injenyere. Yule kijana akavua miwani, akaanza kuifuta, akasema yeye alikuwa anatazama bendera.

Kisha akakaa kusoma kiini. Mashine ilikuwa imeanguka ikizungumza na printa, na umeme ulikuwepo mwanzo hadi mwisho. Programu ya printa ilikuwa mbovu. Mkubwa aliiingiza mwenyewe, kwa disketi ya rafiki yake wa Kinshasa, akijigamba kwamba hahitaji fundi. Injenyere akaitoa, akaweka nyingine, akapanda lori lake. Mashine haikuanguka tena kwa sababu hiyo.

Siku moja mkubwa akamtuma planto, tarishi wa ofisi, aje kuniuliza kwa sauti ya chini kama waya wangu unaweza kufika hadi nyumbani kwake, kwa ajili ya friji. Nikamwambia planto anayetaka umeme aje kuomba mwenyewe.

Akaja. Nilikuwa chini ya mtumbwi nikipaka lami. Sikutoka hadi nilipomaliza.