Mkia wa Mstari wa Kushoto

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kunyoosha mstari ambao hakuna aliyeniomba niunyooshe. Nalitaja mapema kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kulipamba.

Siku ya kwanza nilifika Kyambogo, kwenye uwanja wa kuoshea magari, kabla ya mwenye kazi mwenyewe. Nilikuwa nimetoka Wandegeya, kwenye duka la kuchapisha, ambako nilikata stika na kung'oa vipande vya katikati ya herufi kwa ncha ya sindano. Lakini namna ya kutunza stika ikiwa tayari iko juu ya gari hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu, na kwa kuharibu mlango wa gari bovu lililoachwa nyuma ya hosteli nilikokuwa nikilala. Hadi leo nikiona ukingo wa stika umeinuka kwenye gari la mtu nisiyemjua, moyo hunienda mbio.

Mwenye kazi tulimwita Afande. Alikuwa fundi wa magari ya polisi hadi alipostaafu, mtu wa kaskazini, msema kwa sauti ya chini. Alinikabidhi ndoo mbili na sifongo akasema, "Gari likija na mistari ya stika ni lako. Lisilo na mistari, waachie wenzako."

Ninyi mnaoanza sasa, utaratibu wangu ulikuwa huu. Bomba la presha likae mbali, wala lisielekezwe ukingoni, maana maji huingia chini ya stika kama ukucha. Sabuni iwe laini, na petroli isiguse kabisa, hata kama kuna lami. Kitambaa cha pamba kifuate mstari, kisiukate. Ukingo ukiinuka, upashe joto taratibu kwa drya ya nywele, kisha uubonyeze kwa kipande cha plastiki. Asubuhi povu lilipoteremka polepole na jua likapita ndani yake, nilisahau nilipo. Gari lilikuwa limesimama, lakini mistari ilikuwa kama inakwenda zake.

Hali hiyo ndiyo niliyokuwa nayo Mwalimu Sefu alipoleta gari lake. Alikuwa mzee wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa zamani pale Wandegeya, na alifundisha watu kuendesha. Gari lilikuwa la buluu, limepauka, na mstari wa manjano kila ubavu. Aliomba niubonyeze ukingo wa mstari wa kushoto tu, akaenda kuswali adhuhuri.

Mstari ule wa kushoto ulinitesa. Ulipofika mlango wa nyuma ulizama, ukaishia na mkia uliopinda kuelekea chini. Wa kulia ulikuwa sawa. Nilikuwa na kipande cha stika ya manjano. Nikaubandua wote, nikabandika mwingine, umenyooka kama uzi uliovutwa. Chini ya ule wa zamani kilibaki kivuli chake, kwa sababu rangi iliyofunikwa na stika haipauki kwa jua. Nikachukua polishi ya kusugua ili nikifute. Afande akalitwaa kopo mkononi mwangu.

"Leo umeshafanya mengi, kijana."

Mwalimu aliporudi alisimama mbali, akatazama muda mrefu, akasema kumependeza. Nilikwenda nyumbani nikielea.

Kesho yake gari lilirudi, na ndani yake mwanamke aliyekuwa akijifunza. Alikuwa Mama Akello, mke wa askari, kutoka Naguru. Shule moja ya watoto wadogo ilikuwa imemwekea kazi ya kuendesha gari lao, mradi afaulu mtihani wa udereva. Mtihani ulikuwa siku inayofuata, na asubuhi ile alikuwa ameangusha kila kigingi cha mazoezi aliporudi nyuma kuegesha.

"Wewe ndiyo fundi ya mistari?"

"Ndiyo, mama."

"Basi rudisha mkia yangu. Mimi kesho niko na mtihani."

Mwalimu akanieleza. Mkia ule aliupinda mwenyewe. Mwanafunzi akirudi nyuma hutazama kioo cha kushoto, na mkia ukionekana humo kugusa mguu wa kigingi, hapo ndipo anapozungusha usukani wote. Nilimuuliza mbona hakusema jana.

"Ulikuwa umefurahi mno, mwanangu. Nikadhani mama huyu atazoea."

Niliubandua mstari wangu mpya. Kivuli kilikuwa bado pale, buluu iliyokolea, kimezama na kupinda mkia. Afande asingelitwaa kopo lile la polishi, kingekuwa kimefutika. Nikabandika juu ya kivuli, Afande akishika ncha ya pili. Kubandika kilichopinda ni kugumu kuliko kunyoosha, kwa kuwa mkono una kiburi chake.

"Usiogope," Mama Akello alisema. "Si wewe unaendesha."

Tulisimamisha ndoo zangu mbili ziwe vigingi. Kabla hajaanza aliniamuru niingie nikae kwenye kiti cha dereva nijionee. Katika kioo cha kushoto mlikuwa na mbingu, kamba ya vitambaa, povu likielekea mtaroni, vyote vidogo na vya mbali. Na mstari ulikuwa umenyooka. Kutoka kiti kile haukupinda hata kidogo.

Akakaa yeye, akarudi nyuma polepole mpaka mkia kiooni ukagusa kitako cha ndoo, akazungusha usukani. Gari liliingia katikati ya ndoo kama mtu anayeingia kitandani mwake. Siku ya mtihani akafanya vivyo hivyo, akafaulu.

Afande amerudi kwao kulima, na hapa uwanjani sasa mimi ndiye ninayeitwa mzee, ingawa ndevu zangu hazijajaa. Mama Akello hupita na gari la shule limejaa watoto, akapiga honi. Woga wangu haukuisha, na kingo zilizoinuka bado hunikosesha raha. Kilichobadilika ni kimoja: kabla ya kugusa mstari wa gari la mtu, naomba funguo, nakaa kwenye kiti cha dereva, natazama.