Watu Waliosimama Juu ya Bomba

Kazi yangu, kwa kifupi, ni kugombana. Barabara ikitaka kupanuliwa, kila kitu kilicho kando yake lazima kihame kwanza, na mimi ndiye ninayekaa katikati: huku wenye barabara wanaotaka kuanza leo, huku wenye maji na umeme wanaotaka waachwe mpaka mwaka ujao. Kule Walikale nilihamisha nguzo za umeme, nikadhani nimeshaijua kazi. Nguzo ina adabu, inaonekana ukiwa mbali. Bomba lililofukiwa halikusalimii.

Kisha wakanileta nyumbani. Kijiji chetu kiko juu kidogo ya Mushaki, na bomba lake, tiyo kama tunavyosema, linashuka kutoka kwenye chanzo mlimani, linafuata barabara, linagawa maji nyumba kwa nyumba na kuishia kwenye kituo cha afya, pale akina mama wanapojifungulia. Bomba jipya lilikuwa limeanza kulazwa mbali na barabara, lakini lilihitaji wiki tatu kukamilika, na katapila lilikuwa limeshafika. Kwa hiyo la zamani lilipaswa kubaki zima mpaka siku ya mwisho. Likikatika, wazazi wangehudumiwa kwa maji ya kubebwa mgongoni kutoka mtoni. Muuguzi mkuu alinijia mara mbili siku moja kuniambia hilo, na mara ya pili hakuniachia mkono mpaka nilipoapa.

Tulihitaji ramani, na ramani haikuwepo. Rais wa kamati ya maji, mama mmoja muuza maharage asiyependa kupotezewa muda, alinicheka waziwazi.

"Ramani ya nini, Papa? Hii tiyo tuliichimba na salongo. Kila famille inajua kipande yake. Ubaite tu, basimame."

Salongo ni kazi ya pamoja ya kijiji. Mwaka bomba hilo lilipochimbwa, kamati ilipita na kamba, ikapimia kila nyumba hatua kumi na mbili za mtaro, na kila nyumba ikachimba zake. Basi sasa, asubuhi moja baada ya misa, wakaitwa tena, wakasimama. Watu walijipanga kutoka mlimani hadi kwenye kituo cha afya, kila mmoja juu ya jasho lake. Katekista alikuja na jembe begani, sijui la nini. Wawili walianza kuzozana kwamba mmoja amemwingilia mwenzake hatua mbili, na ilionekana walikuwa wameliweka neno hilo moyoni miaka yote. Mama mmoja alisimamia kipande cha jirani waliokimbia vita, kwa sababu ndiye aliyekuwa anawapelekea uji walipokuwa wanachimba. Mimi nilipita nyuma yao na tableti yangu, nikichomeka vibendera vyekundu. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama nilivyoipenda asubuhi ile.

Nafasi moja tu ilibaki wazi, kwenye kona, kati ya katekista na seremala.

"Hapa ni ya nani?" nikauliza.

Wakatazamana, kisha kicheko kikapanda mstari mzima.

"Ni ya kwenu!"

Baba alishafariki. Mama yupo, lakini goti linamsumbua, na nilikuwa nimeagiza asisumbuliwe. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Sababu nyingine ni kwamba niliona haya kumuuliza mahali ambapo mimi mwenyewe nilipaswa kupajua. Basi nikajifanya fundi. Nikavuta mstari ulionyooka kutoka kwa katekista hadi kwa seremala, nikachomeka vibendera, nikamwambia dereva wa katapila achimbe upande wa juu, maana huko hakuna kitu.

"Uko hakika?" katekista akaniuliza.

Nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili, na dereva akawasha mashine.

Meno ya katapila yalikuwa yameanza kung'oa majani niliposikia sauti ambayo hata mashine ile haikuweza kuifunika. Nyumba yetu inaitazama kona hiyo. Mama alikuwa anashuka na fimbo yake, kitenge kimefungwa ovyo, hasira tele.

"Simamisha hiyo kitu!"

Dereva, ambaye mimi hunisikia pale tu anapopenda, akasimama papo hapo.

"Mama," nikasema, "tiyo iko huku chini."

"Iko huku chini, nani alikuambia? Weye ulichimba?"

Akavipita vibendera vyangu bila kuvitazama, akapanda upande wa juu hatua tano, akasimama mbele ya meno ya katapila. "Iko hapa. Kule kwenye uliweka bendera kuko jibwe, kubwa. Nililipiga siku mbili, likanishinda. Nikalizunguka."

Tukafukua kwa majembe, na jembe la katekista likapata kazi. Kina cha goti, bomba likatokea, jeusi, zima, limepinda kuzunguka jiwe ambalo wanaume wanne wasingelitikisa. Nikapima, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Kamati ilimpimia hatua kumi na mbili, naye alichimba kumi na tisa. Hakuna aliyejua. Kamba ilipita kabla jiwe halijaonekana, na yeye hakusema.

"Kwa nini haukuita mutu akusaidie?"

"Nani? Papa yako alikuwa mugonjwa wa mugongo. Na weye ulituma habari eti uko na egzame."

Mitihani ilikuwa imekwisha. Nilibaki Goma, nilikokuwa nasoma, kwa ajili ya mpira wa mtaani, na niliikumbuka salongo, ndiyo sababu hasa nilibaki. Sikuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia pale, kando ya mtaro, katekista akisikia na dereva akisikia, na maneno yalitoka vibaya, nusu nusu.

"Nilijua," akasema mama. "Benzako ba masomo balifika hapa siku ya kuchimba. Baliniletea hata salamu yako."

Hakuwa amekasirika tena. Laiti angekasirika. Alikuwa anasugua goti lake na kulitazama bomba, na nikaona wazi kwamba anajivunia kazi yake. Nilimpenda wakati ule mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

"Sasa nimechoka kusimama," akasema. "Kuja usimame hapa weye, dereva akuone. Miye nikae."

Akanionyesha kwa fimbo mahali pa kuweka miguu. Nikampa katekista tableti, nikasimama. Dereva akashuka upande wa barabara, akaanza kuchimba polepole, mbali na bomba, na kadiri alivyosogea nami nikasogea, hatua kwa hatua, nikilizunguka jiwe. Udongo uliniingia kwenye viatu vya kazi nilivyokuwa nikijivunia. Watu wa juu walishaanza kwenda mashambani. Nilipoona mashine imenipita kidogo, nikageuka ili nikae kando ya mama.

"Bado," akasema mama. "Kipande yetu haijaisha."