Jirani Anayefumua Mwani

Jirani huyu ana vidole vinene vya kubeba maboksi ghalani, mtaa wa Ingleburn. Akiona mwani umetanda mbele ya kiboti chake, huzima injini, huiinua, kisha hupiga kasia taratibu huku akipiga mluzi. Leo alikuwa amempakia Irankunda, mama wa nyumba ya pili, na mtoto wake; akawa anamchekesha mtoto, akachelewa kuizima. Mwani ukajisokota kwenye mapanga ya injini, na mawimbi yakaanza kuwasukuma kwenye miamba.

"Papa, si ukate na kisu!" Irankunda alimwambia jirani, ambaye humwita Papa kwa heshima kama baba, huku akimkumbatia mtoto.

"Nywele za mtoto unazifumua na kisu, mama?"

Akainama, akafumua jani kwa jani, bila papara. "Nina mabinti wanne. Jumamosi mama yao yuko kazini, nywele zao nazifumua na kuzisuka mimi."

Injini ikanguruma, miamba ikabaki nyuma. Irankunda akacheka, akavua kitambaa kichwani. "Basi Jumamosi, Papa, nami uniweke kwenye foleni."