Amiba wa Mpishi wa Shule

Maabara nzima ilimwita Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kupima choo. Watu walisukuma vikopo vyao dirishani wamevizongazonga kwa mifuko mitatu, nyuso zimeangalia ukutani, na yeye alivipokea kama anayepokea nyanya sokoni. "Usione haya, mwanangu," alikuwa akisema. "Matumbo ya wakubwa wote wa mji huu nimeyaona, na hakuna hata moja linalonukia marashi." Alipaka kidogo kwenye kioo, akainamia hadubini, na kabla hujapata pa kukaa alikuwa ameshakutajia mdudu wako. Kichwa kilimvimba, tusifichane.

Kisha mjukuu aliyekuwa akimlea nyumbani kwake, anayesoma darasa la pili, akaanza kuharisha damu. Jicho alimpima mwenyewe akawaona amiba wamejaa. Mtoto akapewa dawa, akapona. Bibi ndiye hakupona, maana hasira zilimpanda. Nyumbani kwake sakafu ilikuwa inang'aa, maji yalikuwa yanachemshwa. Mtoto hakula mahali pengine isipokuwa shuleni, na shuleni mpishi alikuwa mmoja tu, mama wa makamo ambaye watoto walimwita Shangazi Mwiko.

Mpishi alitakiwa apimwe, akaleta kikopo chake bila ubishi. Jicho alikuta humo vijiyai vya duara, kila kimoja na viini vinne ndani. Hapo mtu mwenye busara angempelekea mwalimu mkuu majibu kimya kimya. Jicho alingoja kikao cha wazazi, akasimama. "Anayewapikia watoto wenu ana amiba. Nimewaona kwa jicho langu hili."

Mpishi alikuwa mlangoni na aproni yake. "Lakini mimi hata tumbo haliniumi," alisema.

"Wanaoeneza ndio huwa hawaumwi," Jicho akamjibu, na wazazi wakaangua kicheko.

Wiki hiyo hiyo mpishi akamwaga unga. Kila jiko alilokwenda kuomba kibarua alikuta habari zake zimefika kabla yake, mwisho akaanza kufua nguo za watu.

Miezi ikapita. Maabara ikaletewa mtafiti wa kike, mpole, na mashine ya kusoma vinasaba vya wadudu wa tumbo. Ili kuijaribu alitaka sampuli za zamani zilizobaki kwenye friza, na moja ya mtu asiye na mdudu yeyote. Ya mjukuu ilikuwepo, ya mpishi ilikuwepo. Jicho akaleta kikopo cha tatu, kimejaa. "Weka na yangu, mwanangu. Mashine yako ijue tumbo safi linafananaje." Chumba kizima kilicheka. Miaka yote hiyo hakuwahi kujipima. Angejipima kwa lipi?

Majibu yalipotoka, mtafiti alifunga mlango kwanza.

"Mama, yule mpishi hakuwa na amiba wa kuharisha."

"Niliwaona."

"Uliona ndugu yake. Kwa hadubini hawa wawili hawatofautiki, vijiyai ni vile vile, viini ni vile vile. Mimi nawe tungeangalia mpaka kesho. Ila vinasaba vyao ni mbali kabisa. Walitoka ukoo mmoja wakaachana zamani mno, kila mmoja akabadilika kivyake. Huyu wa mpishi anakaa tumboni anakula bakteria wake, hamdhuru mtu. Mwenzake ndiye anayechimba utumbo."

Jicho akamuuliza, "Basi mtoto alimpata wapi huyo mbaya?"

Mtafiti aliangalia vidole vyake. "Kikopo cha tatu, mama. Ni yule yule anayechimba. Na vinasaba vyake vimelingana na vya yule wa mtoto, nimerudia mara ya pili kuhakikisha. Watu wengi huwa wanaishi naye bila kuumwa."

Ndipo Jicho akaona mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikimmenyea mtoto embe kila jioni na kumtilia tonge mdomoni. Aliona aibu ya kweli, ile inayomkaa mtu shingoni akashindwa kuinua uso. Hakuona aibu ya mdudu, maana mdudu ni wa kila mtu. Aliona aibu ya kile kicheko alichokisababisha kikaoni, na jinsi kilivyomfurahisha.

Alianza dawa, kisha akaenda kwa mpishi, akamkuta ameinamia beseni. Alizunguka mbuyu kwanza: vipimo vya zamani vina upungufu wake, teknolojia imekuja, hadubini ile ilikuwa imechoka.

"Hadubini haikunisema," mpishi akamkatiza, huku anakamua shati. "Ulinisema wewe."

"Nimekuja kukuomba radhi, dada."

"Hapa? Hapa tupo mimi na wewe na mapovu. Nenda ukaniombe pale uliponivua nguo."

Kikao kilichofuata, Jicho alisimama. Binti yake, mama wa mtoto, alikuwa kiti cha mbele, na njiani alikuwa amemsihi kwa machozi: "Mama, sema kipimo kilikosea, inatosha. Kwa nini utaje ya nyumbani?" Na kweli Jicho alianza hivyo, kwamba kipimo kilikosea. Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, akaanza kumshukuru. Angeweza kukaa. Lakini mpishi alikuwa amesimama kule kule mlangoni, safari hii bila aproni, na kukaa kukamshinda.

"Mpishi hakuwa na ugonjwa," alisema, akiongea na meza. "Aliyekuwa nao ni mimi. Mjukuu wangu nilimwambukiza mimi, kwa mikono yangu."

Sauti ilimtoka nyembamba, haikuvuka safu ya pili. Binti yake alijifunika uso kwa mtandio.

"Samahani," mpishi akasema kutoka mlangoni, kwa adabu kabisa. "Sisi wa huku nyuma hatujasikia."

Jicho akainua uso, akarudia yote, tangu mwanzo.