Fundi Aliyepima Sauti kwa Punje za Kahawa

Wapo watakaosema nilikuwa nimeonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, siku hiyo. Sikuonja. Ilikuwa Jumapili asubuhi, jua linawaka, nami nina akili zangu zote. Ninachokusimulia kilinipata Kamachumu, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize.

Nilikuwa fundi redio, kibanda changu kiko Bilele, Bukoba mjini. Nilikuwa na amplifaya ya transista, na kila palipokuwa na mkutano mimi ndiye niliyeitwa. Nilijivunia kweli chombo kile. Tatizo letu mafundi wa kule lilikuwa betri. Vijijini hapakuwa na umeme, na betri ikiisha ni mpaka uirudishe Bukoba ikachajiwe. Basi tulikuwa na ujanja wetu. Ndani ya amplifaya kuna transista mbili za mwisho zinazopokezana sauti, moja inasukuma, nyingine inavuta. Zinatakiwa zipewe umeme kidogo hata pakiwa kimya, ili moja isichelewe kuamka mwenzake anapomaliza zamu. Sisi tulizinyima. Betri ilidumu mara mbili, sauti ikakwaruza kidogo, lakini nani alijali? Iliposikika vibaya tuliongeza sauti tu.

Mwezi mmoja kabla ya Jumapili hiyo, ujanja huo ulimponza mtu. Ma Anastela, mjane niliyekuwa nikifikia kwake, alisimama mkutanoni kuomba mpaka wa shamba la pamoja usipite kwenye kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani, alikowazika mumewe na wanawe wawili. Ana sauti ndogo, ya mtu asiyezoea kusema mbele za watu. Kwenye spika yangu ilitoka kama bati linaloburutwa. Nikaongeza, ikapasuka kabisa. Watu wakaangua kicheko, na katibu wa kijiji akasema, "Keti mama, tumesikia." Hawakuwa wamesikia hata neno. Niliona aibu, ila nilijiambia kosa ni la sauti yake.

Jumapili hiyo sasa ulikuwa mkutano wa mwisho. Kesho yake vigingi vya mpaka vinapigwa. Ma Anastela alikwenda misa, nami nikabaki uani kwake na mitambo yangu. Mara akatokea mzee mmoja kutoka migombani, kanzu nyeupe, koti jeusi. Nikamkaribisha, nikamsogezea kahawa za kutafuna kama inavyompasa mgeni. Alizipokea kwa mikono miwili, lakini hakutia hata punje moja mdomoni. Akainama kuangalia ndani ya amplifaya, iliyokuwa wazi.

"Waitu," akaniita kwa heshima, "vitaa vyake viko wapi?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba amplifaya za vitaa, vile vya kioo vinavyowaka ndani, ni za zamani, siku hizi ni transista. Akaniachia nimalize maringo yangu, kisha akazigusa zile mbili zenyewe kwa kidole.

"Lakini hawa wawili bado wanapokezana," akasema.

Nani alimwambia?

Akailaza spika chali, akapanga punje za kahawa juu ya karatasi yake, ile inayotetema sauti ikitoka, akavumisha sauti moja tu kwenye maikrofoni, nyororo, isiyopanda wala kushuka. Niamini, sijawahi kuona fundi wa namna ile. Punje zilitetemeka palepale zilipo. Akaniashiria niongeze. Zikatetemeka zaidi, kisha ghafla mlio ukawa mkali, punje zikaruka hadi nje ya spika.

"Hapo umeikata sauti kichwa," akasema. "Chombo kimefika mwisho wa nguvu zake, wewe unakisukuma tu."

Akaniambia nipunguze mpaka isikike kwa shida, halafu nifumbe macho. Nilidhani sasa itakuwa safi. Wapi! Nikasikia mkwaruzo mwembamba umeng'ang'ania ile sauti hafifu.

"Na hapa umeikata kiuno, pale wawili hawa wanapopokezana. Sauti kubwa huficha kosa hili, mwana wange. Sauti ndogo ndiyo inayoumia."

Miaka yote ya ufundi hakuna aliyewahi kunisikilizisha hivyo. Nikachukua bisibisi, nikageuza skrubu inayozipa transista zile umeme, kidogo kidogo, yeye akivumisha, mpaka mkwaruzo ukaisha. Ulibaki mlio safi kiasi kwamba machozi yalinilengalenga. Nilitaka kumshika mzee yule mkono.

Nikainama kwanza kuzima, nisije nikamaliza betri. Waya wa betri ulikuwa nyasini. Niliufungua mwenyewe asubuhi, na sikuwa nimeurudisha. Sasa niambie, mlio ule ulikuwa ukipata nguvu wapi? Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Hata jani la mgomba halikucheza.

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikafunga waya, nikasema "haloo" kwa sauti ya chini. Ikatoka safi.

Alasiri Ma Anastela alisimama tena mkutanoni. Sikuongeza sauti. Alitaja polepole majina ya wale watatu na mahali alipolala kila mmoja. Hakuna aliyecheka. Hata wazee waliosimama nyuma kabisa, kwenye mibuni, walivua kofia. Katibu akatazama chini, kisha akaagiza mpaka usogezwe.

Jioni nikamsimulia Ma Anastela habari za mgeni wangu. Hakushtuka hata kidogo.

"Alikuwa anaendesha mitambo ya lori la sinema, enzi za mkoloni," akasema. "Kwa kuzipima spika zake alikuwa ananimalizia kahawa za wageni."

Akanionyesha kaburi la mumewe. Lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale nilipoweka amplifaya.

Tangu siku hiyo masikio yangu hayana raha. Harusini, kanisani, kwa redio ya jirani, nasikia mkwaruzo ambao wengine hawausikii, na mara nyingi nainuka nikaondoka. Transista sijazinyima umeme tena, hata betri ife mkutano haujaisha. Na wewe uliyekabidhiwa maikrofoni, popote ulipo, nakuonya: akisimama mtu mwenye sauti ndogo, usimharakishe wala usimcheke. Huenda hakuja peke yake.