Mkono wa Faustin

Nakumbuka Jumapili moja ya vumbi hapa Bunia, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nina kamera yangu ya kwanza shingoni, nikidhani mji mzima unaniangalia. Katika ukumbi wa parokia kulikuwa na mapigano, yale ambayo ngumi, mateke na mieleka vyote vinaruhusiwa. Nilipiga magoti kando ya ulingo, karibu mno, hata jasho la wapiganaji likarukia kioo cha kamera nikawa nalifuta kwa shati.

Mmoja wao alikuwa Faustin, seremala wa Mudzi-Pela. Vitanda vya nusu ya mtaa wetu alivitengeneza yeye. Mwenzake alikuwa kijana mrefu aliyetoka Aru. Raundi ya pili, yule wa Aru alimwangusha, akaubana mkono wake wa kuume katikati ya mapaja, akaanza kuunyoosha kinyume cha kiwiko. Mwamuzi alikuwa upande wa pili, miili yao ikimziba. Mkono wa kushoto wa Faustin ulikuwa upande wangu. Ukagonga mkeka. Katika mchezo ule, mwanangu, kugonga mkeka ni kusema nimeshindwa, niachie. Lakini kelele za watu ziliumeza ule mlio, na aliyeona ni mimi peke yangu.

Nikapiga picha. Mkono ukapanda, ukashuka. Nikapiga ya pili, na ya tatu. Ya nne ilikuta kiwiko kimekwisha kuvunjika.

Ungeniuliza siku ile kwa nini sikupaza sauti, ningekujibu kwamba kazi ya mpiga picha ni kupiga picha. Jina jema hung'ara gizani, na mimi nilikuwa nalitafuta jina.

Kesho yake nilizipeleka kwa Muzee Anselme, aliyenifundisha kazi hii katika studio yake karibu na soko. Nilitazamia sifa. Alizipanga mezani moja baada ya nyingine, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Nikaanza kuona aibu bila kujua ya nini.

"Hii mukono inapiga chini, weye uliiona?"

"Niliiona, muzee."

"Na mudomo yako ilikuwa wapi?"

Hakunigombeza. Alizigeuza picha kifudifudi, akasema, "Enda kwa ule mutu. Usipeleke picha. Peleka mudomo."

Woga ulinichelewesha majuma mawili. Nilimkuta Faustin amekaa mbele ya karakana yake, mkono umefungwa plasta, na mkewe akisugua mlango kwa msasa, kazi ambayo si yake. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, bila hasira:

"Najua. Nilikuwa naangalia weye. Ile mukono, nilikuwa napigia weye."

Mkewe akaacha kusugua. Niliomba msamaha, naye Faustin akasema amesikia. Kusikia si kusamehe, mwanangu, na maji yakimwagika hayazoleki. Mkono ulipona umepinda, haukuweza tena kusukuma randa. Leo anauza misumari na kufuli sokoni. Tukikutana hunisalimu kwa mkono wa kushoto, maana wa kuume haufiki mbali, na hatuna maneno mengi. Zile picha nilizichoma, lakini zinanijia bado, hasa ile ya kwanza, ambayo baada yake kulikuwa bado na nafasi ya kupaza sauti.

Sasa nakuambia wewe, maana siku hizi pikipiki ikianguka barabarani, simu kumi hutoka mifukoni kabla ya mkono mmoja wa kumwinua mtu. Jicho halina pazia, siwezi kukukataza kuona. Lakini ukiona mwenzako anaomba aachiwe, na wengine hawakuona, jambo hilo limewekwa mikononi mwako. Weka kamera chini, upige kelele. Picha itakupita, wenye mchezo watakufukuza, wenzako watakucheka. Acha ikupite. Mimi yangu niliipata, na sijawahi kuitundika ukutani.

Mungu akufungue kinywa mapema, mwanangu, na akujalie uzee ambao ndani yake hakuna mtu anayekuangalia akingoja useme.