Mbigili Ndani ya Chai

Kumwambia mtu wa Konoin aache chai ni kumwambia chura aache maji. Nimeichuma, nimeibeba mgongoni hadi kituo cha kupimia, nimeinywa tangu nilipoachishwa ziwa. Kwa hiyo yule daktari wa dawa za Kihindi mjini Kericho aliponiambia niiache, nilidhani amekosea mgonjwa.

Shida yangu ilikuwa mkojo. Unakukimbiza chooni kama nyumba inaungua, kisha ukifika unadondoka tone, tone, na wewe umesimama tu unaangalia ukuta. Na koito ya binti yangu ilikuwa imekaribia, siku ambayo wazee wa pande mbili huketi kujadili mahari. Mwenye binti akiinuka katikati ya maneno, wageni huona amekasirika, na posa inaweza kuharibika.

Isitoshe, baba yangu aliugua vivyo hivyo, akanyamaza kwa aibu. Alipokubali kupelekwa hospitali, mkojo ulikuwa umefunga kabisa. Hakurudi. Niliogopa, sifichi.

Daktari mwenyewe ni mzee, kazaliwa Kericho hapo hapo. Alinishika mkono, akasikiliza mishipa, akatikisa kichwa.

"Mzee, umri ukienda, upepo wa mwili unazidi. Unashuka chini, unasumbua njia ya mkojo. Chai inaukausha mwili, inachochea huo upepo. Na usibane mkojo. Mwili ukiita, itika."

Akanipa unga wa mbigili, ile miiba inayotoboa matairi ya baiskeli. Niuchemshe kwa maji, ninywe ukiwa vuguvugu. "Na uende hospitali wapime tezi dume, ile inayobana njia ya mkojo," akasema. "Dawa yangu si ya kufichia ugonjwa."

Nikaitikia vizuri sana. Lakini huku kwetu kitu kikichemshwa kikanywewa, hicho ni chai. Niliutia ule unga kwenye sufuria pamoja na majani, maziwa na sukari. Mama watoto akaonja, akakunja uso.

"Baba, hii chai umeiwekea udongo?"

"Ni dawa."

Na kwa kuwa sasa ni dawa, nilikunywa zaidi kuliko zamani, bila hata kuona haya. Hospitali nikaiambia ingoje.

Siku ya koito wageni walifika kutoka Siongiroi, tukawapa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, tukawapa chai. Wazee wakaanza kuzunguka maneno, maana habari ya ng'ombe haiingiwi mbio. Mimi nilikuwa nasikia neno moja tu, lile ambalo mwili ulikuwa unaniambia. Nikabana. Jasho likanitoka. Mwishowe nikainuka.

Binti yangu, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akashika mdomo.

"Mzee, tumekukosea wapi?" akauliza msemaji wao.

Ningeweza kudanganya kwamba naenda kuangalia ng'ombe. Nikamkumbuka baba. "Hamjakosea," nikasema. "Ni mkojo. Unanisumbua siku nyingi."

Hakuna aliyecheka. Baba ya kijana akaweka kikombe chini, akainuka pole pole. "Basi twende pamoja."

Tulisimama nyuma ya nyumba, karibu na michai, tukipeana zamu ya choo kimoja.

"Mimi nimebana tangu Siongiroi," akasema.

"Umepimwa?"

"Bado. Naogopa."

"Hata mimi, bamwai."

Bamwai ndivyo wanavyoitana wazazi walioozeshana, na sisi ng'ombe hata mmoja alikuwa hajakubaliwa. Alicheka mpaka akarudi chooni tena.

Binti yangu aliolewa, lakini kabla ya harusi sisi wawili tulikutana hospitalini Kaplong. Nesi akauliza nani mgonjwa na nani amemsindikiza. Nikamnyoshea bamwai kidole. Yeye alikuwa ameshaninyoshea chake.

Nilicheka, halafu nikashusha kidole, kwa sababu baba yangu hakuwa na mtu wa kunyosheana naye vidole.

"Andika sisi wote wawili, sista," nikasema.